Usugu wa E. coli na Klebsiella umepanda kweli, au ni hesabu zetu? Naomba msaada wa kusoma takwimu za miaka mitatu

Mteknolojia_Rufaa

Habari za kazi wanajukwaa.

Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali ya rufaa ya mkoa inataka taarifa ya mwelekeo wa usugu wa vimelea kwa miaka mitatu, ipange upya dawa za kuanzia mawodini. Data iko hivi: mwaka wa kwanza upo kwenye rejista ya karatasi na majibu ni herufi tu: S (kinasikia dawa), I (katikati) au R (sugu). Mwaka wa pili uko kwenye Excel, una milimita. Mwaka wa tatu umeingizwa wote kwenye WHONET, programu ya kompyuta ya data za usugu. Miaka yote kipimo ni cha diski juu ya agari ya Mueller-Hinton: diski yenye dawa huwekwa juu ya vimelea, na upana wa duara wasipoota hupimwa kwa milimita. Sampuli nyingi ni mkojo na usaha, damu ni chache, na damu hizo nyingi zinatoka ICU na wodi ya watoto wachanga.

Grafu ya haraka inaonyesha E. coli na Klebsiella pneumoniae kuzidi kuwa sugu kwa seftriaksoni na siprofloksasini, na mstari unaruka ghafla mwaka wa pili. Kabla haujafika mbele ya madaktari nauliza:

1. Nihesabu kila sampuli iliyoota au kila mgonjwa?
2. Nitajuaje kama mruko huu umeletwa na vimelea au na maabara?
3. Klebsiella ya damu haifiki hata 30 kwa mwaka. Inafaa kutoa asilimia?
4. Namba zikipatikana, daktari wa wodini anazitumiaje?

---

MikrobiolojiaKanda

Mkuu, swali la pili ndilo zito, ila huwezi kulifikia kabla ya kunyoosha la kwanza.

Hesabu wagonjwa. Mwongozo wa M39 wa CLSI (taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara), ambao ndio maabara nyingi zinaufuata kutengeneza antibayogramu, yaani jedwali la asilimia ya vimelea vinavyosikia kila dawa, unataka uchukue kimelea cha kwanza cha kila aina kwa kila mgonjwa ndani ya kipindi unachochambua, kiwe kimetoka kwenye damu au mkojo, kiwe sugu au kinasikia dawa. Mfumo wa ufuatiliaji wa Shirika la Afya Duniani, GLASS, unafanana na huo, ila unatenganisha kwa aina ya sampuli: mgonjwa mmoja, aina moja ya sampuli, kimelea kimoja. Chagua kanuni moja na uitumie miaka yote mitatu.

Sababu ni hii. Mgonjwa aliyelala ICU wiki sita anachukuliwa sampuli tena na tena, na vimelea vyake vya mwisho mara nyingi ni sugu kuliko vya kwanza kwa sababu ameshapitia dawa nyingi. Tuseme, kwa kujifunzia tu, una wagonjwa 60 wenye Klebsiella, na kwa kimelea cha kwanza 24 ni sugu: asilimia 40. Sasa wagonjwa sita kati ya hao wakapimwa tena na kuongeza sampuli 20, zote sugu. Ukihesabu sampuli unapata 44 kati ya 80, asilimia 55. Pointi 15 zimepanda na hakuna mgonjwa mpya hata mmoja.

Kwenye WHONET kazi hii ni ya kubofya: sehemu ya uchambuzi ina chaguo la kuhesabu kwa mgonjwa, kimelea cha kwanza tu. Lakini programu inamtambua mgonjwa kwa namba ya faili. Mgonjwa aliyesajiliwa upya kwa namba nyingine ni watu wawili machoni pa kompyuta. Kwa hiyo panga orodha kwa jina, umri na wodi, pitia kwa macho, Mwanaidi na Mwanahidi wa tarehe zinazofuatana uwaunganishe. Ni kazi ya siku mbili tatu ya kuchosha, na bila hiyo yote yanayofuata hayana msingi. Rejista ya karatasi nayo iingizwe kwa utaratibu huo huo.

Kisha ondoa yafuatayo kabla hujagawa chochote:

Sampuli za uchunguzi, yaani zile za kutafuta wabebaji (pamba za puani, za njia ya haja kubwa) na za mazingira. Hizo hazitoki kwa mgonjwa anayeumwa maambukizi hayo.

Vichafuzi vya damu. Stafilokokasi wasio aureus kwenye chupa moja tu, Bacillus, Corynebacterium: kwa kawaida wametoka kwenye ngozi. Vichafuzi vikizidi asilimia 3 ya chupa zote za damu, mweleze muuguzi mkuu, tatizo liko kwenye kusafisha ngozi.

Usugu wa asili. Klebsiella huzaliwa sugu kwa ampisilini. Pseudomonas haisikii seftriaksoni wala kotrimoksazoli. Proteus haisikii nitrofurantoini. Kuandika "Klebsiella: ampisilini, sugu asilimia 100" kunamtisha msomaji bure na kupandisha wastani wowote utakaoupiga.

Dawa zilizopimwa kwa kuchagua. Hapa wengi wanajikwaa. Kama diski za meropenemu ni chache na unaziweka tu kwa kimelea kilichokwisha kuonekana sugu kwa seftriaksoni, asilimia ya usugu kwa meropenemu itakuwa ya wale wabaya peke yao. Dawa iingie kwenye jedwali ikiwa tu imepimwa kwa vimelea vyote, au karibu vyote, vya aina hiyo.

Andika asilimia ya vinavyosikia dawa, yaani S peke yake. I usiichanganye na S.

Tenganisha pia maambukizi ya nyumbani na ya hospitali. Sampuli iliyochukuliwa ndani ya siku mbili za kwanza tangu kulazwa hesabu kuwa ya nyumbani, baada ya hapo ya hospitali. Unahitaji tarehe ya kulazwa, na fomu nyingi za maabara hazina nafasi ya tarehe hiyo. Iongeze leo kwenye fomu, hata kama miaka iliyopita imepotea.

Swali la tatu: M39 inataka angalau vimelea 30 vya aina moja. Hata 30 penyewe ni pembamba. Ukiwa na sugu 18 kati ya 30, yaani asilimia 60, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 42 na 75. Ukiwa na 120 kati ya 200, asilimia ni ile ile 60 lakini nafasi inabana, 53 hadi 67. Kwa damu ya watoto wachanga unganisha miaka miwili au mitatu, uandike wazi kuwa umeunganisha. Ukishaunganisha huna tena mwelekeo wa mwaka kwa mwaka, una picha moja, na hiyo inatosha kuchagulia dawa. Kuchora mstari wa kupanda na kushuka kwa vimelea 20 ni kuwapotosha madaktari.

Jambo la mwisho, na ndilo nalosisitiza kila mahali. Asilimia ya usugu ina sehemu mbili, juu na chini, na ya chini inategemea nani amechukuliwa sampuli. Hospitali ambako kipimo cha kuotesha kinaagizwa baada ya dawa mbili kushindwa, vimelea vinavyofika maabara vimeshachujwa. Wale waliopona kwa dawa ya kwanza hawapo kwenye rejista yako. Fikiria mwaka wa kwanza Klebsiella 40, sugu 32: asilimia 80. Mwaka unaofuata chupa za damu zinapatikana kwa wingi, zinapimwa hata homa za siku ya kwanza, unapata Klebsiella 100, sugu 60. Asilimia imeshuka hadi 60 huku wagonjwa wenye kimelea sugu wakikaribia maradufu. Kwa siku za kitanda (jumla ya siku ambazo wagonjwa wamelala wodini) 60,000 kila mwaka, ni kutoka 5.3 hadi 10 kwa kila siku za kitanda 10,000. Namba hizi mbili zinaelekea pande tofauti na hakuna inayokosea hesabu. Kwa hiyo weka zote mbili kwenye taarifa, na ya tatu pembeni yake: sampuli ngapi za damu zimechukuliwa kwa kila siku za kitanda 1,000. Bila hiyo ya tatu, hakuna anayeweza kuzisoma mbili za kwanza.

---

Benchi_la_Vimelea

Naongezea upande wa benchi, maana mstari unaoruka ghafla mwaka mmoja unanifanya nitazame maabara kwanza. Usugu wa kweli kwa kawaida hupanda taratibu, au huruka kwenye wodi moja wakati wa mlipuko. Ukiruka hospitali nzima kwa pamoja, angalia kilichobadilika mezani.

Vikomo vya kusomea, yaani milimita zinazotenganisha S, I na R. CLSI ilibadilisha siprofloksasini kwa jamii ya E. coli na Klebsiella mwaka 2019. Zamani duara la milimita 21 na kuendelea lilikuwa S. Sasa S ni 26 na kuendelea, I ni 22 hadi 25, R ni 21 kushuka chini. Kimelea chenye duara la milimita 21 kimetoka S hadi R bila kubadilika chochote. Mwaka 2023 zikafuata jentamaisini (S kutoka 15 hadi 18 na kuendelea) na amikasini (kutoka 17 hadi 20 na kuendelea). Kama mwaka wenu wa kwanza ulisomwa kwa jedwali la zamani lililobandikwa ukutani na wa pili kwa jipya, mruko wa siprofloksasini umeshaupata maelezo.

Dawa yake: ingiza milimita, kamwe usiingize herufi peke yake. WHONET inasoma milimita zote upya kwa vikomo vya mwaka unaoutaka. Mwaka wenye herufi tu hauwezi kuokolewa kwa dawa zilizobadilishwa vikomo. Uweke kwenye jedwali la pembeni, usiuunganishe kwenye mstari.

Uzito wa diski. Soma maandishi juu ya diski yenyewe, usiamini boksi. CLSI na EUCAST (kamati ya Ulaya ya vipimo vya usugu) hazitumii uzito mmoja kwa kila dawa. Sefotaksimu ni mikrogramu 30 kwa CLSI na 5 kwa EUCAST. Seftazidimu ni 30 na 10. Piperasilini na tazobaktamu ni 100/10 na 30/6. Manunuzi yakileta diski za mfumo mmoja na benchi ikasoma jedwali la mfumo mwingine, unatengeneza usugu usiokuwepo.

Agari. Kina kiwe milimita 4, pH 7.2 hadi 7.4. Sahani iliyomiminwa nene hupunguza duara, ikionyesha usugu wa uongo, nyembamba hupanua. Meza isiyo sawa hutoa sahani nene upande mmoja, na unaweza kuona duara la yai. Agari yenye thaimidini nyingi huharibu kotrimoksazoli: ndani ya duara kunakuwa na ukungu wa koloni hafifu.

Mchanganyiko wa vimelea. Uzito wake uwe McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa mchanganyiko), sawa na takriban vimelea milioni 150 kwa mililita. Linganisha na kadi yenye mistari myeusi, si kwa kukisia dhidi ya dirisha. Mzito mno hufanya duara kuwa dogo. Ukishatengeneza, panda ndani ya dakika 15, weka diski ndani ya dakika 15, ingiza kwenye inkubeta ndani ya dakika 15. Joto 35, saa 16 hadi 18. Umeme ukikatika usiku na inkubeta ikapoa, rudia kipimo. Usisome.

Kuhifadhi diski. Akiba ikae kwenye friza ya −20, zinazotumika nyuzi 2 hadi 8 zikiwa na silika jeli. Kopo likitoka friji liache likiwa limefungwa saa moja hadi mbili lipate joto la chumba ndipo ulifungue. Ukilifungua baridi, unyevu unatua juu ya diski na dawa inaharibika. Dawa za jamii ya penisilini, sefalosporini na karbapenemu ndizo zinazoharibika upesi, na ndizo hizo hizo zinazoonyesha "usugu umepanda".

Yote haya yanajulikana kwa kimelea cha kudhibiti ubora, yaani kimelea maalumu ambacho milimita zake zinajulikana. E. coli ATCC 25922 lazima itoe seftriaksoni 29 hadi 35, jentamaisini 19 hadi 26, siprofloksasini 29 hadi 38. Staphylococcus aureus ATCC 25923 itoe sefoksitini 23 hadi 29. Fungua daftari la udhibiti la miaka hiyo mitatu na uchore milimita zake kwa tarehe. Kama seftriaksoni ya ATCC 25922 ilishuka hadi 26 au 27 kwa miezi minne, majibu ya wagonjwa wa miezi hiyo minne hayaingii kwenye taarifa. Kama daftari halipo kwa mwaka fulani, mwaka huo nao una alama ya kuuliza, liandikwe hivyo.

Mawili ya mwisho: kolistini haipimwi kwa diski juu ya agari, dawa hiyo haisambai vizuri. CLSI inaruhusu njia ya kutumbukiza diski za kolistini za mikrogramu 10 kwenye mirija minne ya mchuzi wa Mueller-Hinton, mililita 10 kila mmoja, diski 0, 1, 2 na 4. Vankomaisini kwa S. aureus nayo diski haifai. Ukikuta asilimia za hizo mbili kwenye rejista za zamani, ziache.

---

Mteknolojia_Rufaa

Asanteni sana wakuu. Nimekagua makopo na vocha za stoo. Mwaka wa pili seftriaksoni haikupatikana kwa miezi kadhaa, ikawekwa sefotaksimu badala yake, na safu ya Excel ikabaki na jina lile lile la seftriaksoni. Diski zimeandikwa CTX 5. Jedwali lililotumika kusomea ni la CLSI. Siprofloksasini pia, vikomo vilibadilishwa mwanzo wa mwaka wa pili.

Milimita zipo. Zinaokoleka?

---

Benchi_la_Vimelea

Zinaokoleka, kwa kuwa mliandika milimita. Kwenye WHONET ingiza hiyo kama dawa nyingine kabisa, sefotaksimu ya EUCAST, mikrogramu 5. Vikomo vyake kwa E. coli na Klebsiella ni S kuanzia 20, R chini ya 17. Vya CLSI kwa diski ya 30 ni S kuanzia 26, R kuanzia 22 kushuka. Kila kimelea chenye duara la 20, 21 au 22 kiliitwa sugu hali kinasikia dawa. Cha 23 hadi 25 kiliitwa I.

Kwa mwelekeo tumia kundi, "sugu kwa sefalosporini za kizazi cha tatu", seftriaksoni au sefotaksimu yoyote iliyopimwa, kila moja kwa jedwali lake. GLASS nayo huripoti kwa kundi hilo. Chini ya grafu andika miezi ambayo diski ilibadilika. Siprofloksasini isome miaka miwili ya mwisho kwa vikomo vya sasa, mwaka wa kwanza uuache nje.

Ukipata nafasi, thibitisha ESBL (vimeng'enya vya bakteria vinavyovunja sefalosporini) kwa baadhi ya vimelea vilivyohifadhiwa: sefotaksimu 30 peke yake na sefotaksimu 30 pamoja na klavulaneti 10, kisha seftazidimu vivyo hivyo. Duara la yenye klavulaneti likizidi kwa milimita 5 au zaidi, ni ESBL. Dhibiti kwa Klebsiella ATCC 700603.

---

Dkt_WodiYaTiba

Nijibu swali la nne kwa upande wa mwandika dawa. Daktari wa zamu saa nane usiku hana kimelea mkononi. Ana mgonjwa mwenye homa na shinikizo linaloshuka. Jedwali la kimelea kwa kimelea halimsaidii. Anachohitaji ni hili: kwa wagonjwa wa wodi hii wenye maambukizi ya damu, dawa fulani ingefunika wangapi kati ya kumi?

Kwa hiyo tengenezeni jedwali la pili kwa ugonjwa: maambukizi ya mkojo kutoka nyumbani, mkojo wenye katheta, damu ya watu wazima, damu ya watoto wachanga, vidonda vya upasuaji. Ndani ya kila moja jumlisheni vimelea vyote, mhesabu asilimia inayofunikwa na dawa au jozi ya dawa. Jozi haihesabiwi kwa kujumlisha asilimia mbili. Inahesabiwa mstari kwa mstari: kimelea kinasikia angalau moja kati ya hizo mbili? Ndiyo au hapana. Ampisilini na jentamaisini kwa mtoto mchanga ni mfano mzuri. Klebsiella haisikii ampisilini kwa asili, kwa hiyo jozi nzima inabebwa na jentamaisini peke yake, na mara nyingi kimelea chenye ESBL kinabeba na jeni za kuishinda jentamaisini.

Uzito wa jambo hili tunao ushahidi wake hapa hapa nyumbani. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 hadi 2002 kwa watoto waliolazwa ulionyesha vifo vya asilimia 43.5 kwa wenye maambukizi ya damu ya vimelea vya Gram hasi, dhidi ya 20.2 kwa wenye malaria. Ni miaka zaidi ya 20 iliyopita, na ESBL ilikuwa tayari wodini.

Kuhusu kiwango cha kuacha dawa, kwa mkojo usio na utata mwongozo wa Marekani wa 2010 uliweka usugu wa asilimia 20 kuwa mwisho wa kotrimoksazoli. Kwa mgonjwa mwenye sepsisi (maambukizi makali yanayoharibu viungo vya mwili) huwezi kuvumilia asilimia 20, anayekosa dawa sahihi usiku ule anaweza asifike asubuhi. Lakini tafadhali msiandike "acheni seftriaksoni, tumieni meropenemu" kwa sababu ya namba za ICU. Za ICU ni za ICU. Mama aliyekuja na maambukizi ya mkojo kutoka nyumbani anaweza kutibika kwa nitrofurantoini, na antibayogramu iliyochanganya wodi zote itamnyima.

---

Mteknolojia_Rufaa

Nimesoma upya zote na kuondoa marudio. E. coli ya mkojo wa wagonjwa wa nje: mstari umelala, mruko umetoweka. Klebsiella ya watoto wachanga haijashuka. Hata kwa vikomo sahihi na kimelea kimoja kwa kila mtoto, nyingi ni sugu kwa sefalosporini na jentamaisini, na milimita za duara zinafanana sana kutoka mtoto hadi mtoto. Hapo ni nini cha kufanya kabla ya kikao?

---

MikrobiolojiaKanda

Hapo usisubiri kikao, mkuu. Kimelea kimoja, wodi moja, milimita zinazofanana: chukulia kinapita kutoka mtoto hadi mtoto mpaka ithibitike vinginevyo. Chora jedwali la tarehe: kila mtoto mstari mmoja, siku aliyoingia, kitanda, siku sampuli ilipochukuliwa, nani alikuwa jirani yake. Mara nyingi chanzo kinaonekana kwenye karatasi hiyo kabla ya kipimo chochote. Pima pia karbapenemasi (vimeng'enya vinavyovunja meropenemu na jamii yake) kwa vimelea vyenye duara la meropenemu la 22 kushuka chini. Njia ya mCIM haihitaji mashine: lupu ya mikrolita 1 ya kimelea kwenye mililita 2 za mchuzi wa soya, diski ya meropenemu ya 10 ndani yake saa 4 kwa nyuzi 35, kisha diski hiyo juu ya sahani iliyopandwa E. coli ATCC 25922. Kesho yake duara la 6 hadi 15 ni chanya, 19 na zaidi ni hasi. Katikati yake rudia, isipokuwa kukiwa na koloni ndogo ndani ya duara la 16 hadi 18, hiyo ni chanya.

---

Mfamasia_IPC

Nami nikae upande wa wodi na stoo ya dawa.

Wodi ya watoto wachanga, tazameni kwanza vitu vyenye maji: chupa moja ya salaini au dekstrozi inayochomwa sindano siku nzima kwa watoto wote, maji ya kwenye chupa ya oksijeni, mashine ya kunyonya makohozi, sinki, vikombe vya maziwa. Klebsiella huishi vizuri kwenye unyevu. Vimiminika vya kuchanganyia dawa viwe vya mtoto mmoja, kinachobaki kimwagwe. Msipeleke sampuli 80 za kuta na sakafu maabara; chukueni chache mahali jedwali la tarehe linapoelekeza. Watoto wenye kimelea hicho wakae pembe moja na muuguzi wao.

Spiriti ya kusugulia mikono ikikosekana, famasia inaweza kuitengeneza kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliseroli ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kufika lita 10. Ikae saa 72 kabla ya kutumika, ili mbegu za bakteria zilizomo zife. Mbali na moto, tafadhali. Chupa zisijazwe juu ya mabaki ya zamani.

Kwenye grafu ya usugu ongezeni mstari wa matumizi ya dawa, la sivyo kamati itaona tatizo bila kuona mkono wake ndani yake. Kwa watu wazima tumieni dozi ya siku iliyokubalika kimataifa: seftriaksoni ya sindano ni gramu 2, meropenemu gramu 3. Wodi iliyotumia vichupa 900 vya seftriaksoni ya gramu 1 kwa mwezi imetumia dozi 450. Kwa siku za kitanda 3,000 hiyo ni dozi 15 kwa kila siku za kitanda 100. Kwa watoto kipimo hiki hakifai kwa kuwa dozi inafuata uzito. Hesabuni siku za matibabu. Chukueni kilichotolewa wodini, si kilichotoka Bohari, na mkumbuke mwezi ambao dawa haikuwepo: matumizi yanashuka mwezi huo bila nidhamu yoyote kuongezeka.

Kulinganisha na nje ni sawa, ila kwa uangalifu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2025 inasema kwa mwaka 2023 maambukizi mamoja kati ya sita yaliyothibitishwa maabara duniani yalikuwa sugu, kwa Afrika moja kati ya tano, na kwamba usugu wa E. coli na Klebsiella kwa sefalosporini za kizazi cha tatu unazidi asilimia 70 kanda yetu. Namba hizo nazo zinatoka kwenye hospitali chache zinazootesha, zenye wagonjwa waliozidiwa. Zisitumike kuziba pengo la data ya wodi yenu.

---

Benchi_la_Vimelea

Na vile vya watoto wachanga vihifadhi leo, kabla sahani hazijatupwa kwenye otoklevu. Mchuzi wa soya wenye gliseroli asilimia 20, mirija miwili kwa kila kimelea, friza ya −70 kama ipo. Kwa −20 vitaishi miezi tu, kwa hiyo vipelekwe maabara kubwa mapema. Kwenye mrija andika namba ya maabara na tarehe kwa kalamu isiyofutika na spiriti. Jina la mtoto libaki kwenye rejista.